Sura ya Saba: Sekunde 16

Mwaka 2024 kampuni ya Porsche ililirudisha gari lake la zamani kwenye njia ya Nürburgring, magharibi mwa Ujerumani. Gari lenyewe ni Carrera GT, ambalo kiwanda cha Leipzig kiliacha kuliunda mwaka 2006 baada ya kutoa magari 1,270 tu. Mwaka 2004, Walter Röhrl, Mjerumani aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa rali mara mbili, alizunguka njia hiyo kwa dakika 7 na sekunde 28.71 akiwa na gari la aina hiyo hiyo. Safari hii aliyeshika usukani ni Jörg Bergmeister. Injini ile ile ya V10 yenye lita 5.7, nguvu zile zile za farasi 612, gia zile zile za mkono. Bergmeister alimaliza kwa dakika 7 na sekunde 12.69.

Zilipungua sekunde 16, na kilichozipunguza kwa sehemu kubwa ni mpira. Carrera GT ilikuwa imevaa matairi ya Michelin Pilot Sport Cup 2 yaliyoundwa mahsusi kwa ajili yake, miongo miwili baada ya gari kuzaliwa. Makampuni ya magari humwaga fedha nyingi kutafuta sekunde mbili tatu kwenye njia hiyo.

Mwenye gari la spoti anapoingia dukani kununua matairi, ndicho anachokwenda kuamua: gari litashikaje kona, litasimama wapi kwenye mvua, litamvumilia kiasi gani akikosea. Injini yake haibadiliki, breki zake hazibadiliki, lakini siku ya kutoka kwa fundi anaweza kuwa na gari bora kuliko alilonunua, au baya mno. Kwa hiyo inafaa kulitazama tairi kwa utulivu ambao watu huuweka kwenye rangi ya gari na mlio wa ekzosi.

Carrera GT ina uzito wa kilo 1,380. Akiingia dereva, kila tairi linabeba wastani wa kilo 365 hivi. Upepo ukiwa bar 2.3, hesabu ya shule inatoa jibu kwamba sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama sentimita 156 za mraba, yaani ukubwa wa kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne: hapo ndipo breki, kona na nguvu zote za injini hupita. Eneo hilo linaamuliwa zaidi na uzito wa gari na upepo uliojazwa kuliko upana wa tairi. Tairi pana hubadilisha umbo la eneo hilo, likawa pana na fupi, jambo linalosaidia kwenye kona. Anayedhani kwamba akipanua matairi mara moja na nusu ataongeza mpira barabarani mara moja na nusu amepotoka, na mara nyingi kitu anachokipata kwa hakika ni usukani mzito na tairi linalogusa bodi gari linapokata kona.

Tazama maandishi ya tairi la nyuma la Carrera GT: 335/30 ZR20. Upana wa milimita 335. Ubavu wenye kimo cha asilimia 30 ya upana huo, yaani kama sentimita 10. R ni tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, muundo ambao Michelin waliuandikisha mwaka 1946 na ambao leo umeenea kwenye magari madogo duniani kote. 20 ni inchi za rimu. Z inasema tairi limeundwa kwa mwendo unaozidi kilomita 240 kwa saa, na baada yake huja herufi nyingine inayotaja kikomo chenyewe: W ni 270, Y ni 300, na Y iliyofungwa ndani ya mabano inapita 300. Kando ya herufi hiyo kuna namba ya mzigo. 91 ni kilo 615, 104 ni kilo 900.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya dukani huanza. Muuzaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana tairi la saizi hiyo hiyo lenye herufi H, kikomo 210, kwa bei nafuu kabisa. Mteja anajiambia kwamba hajawahi kufika 200 na wala hapana barabara ya kumfikisha huko. Hoja hiyo inaingia akilini haraka, lakini haina uzito. Tairi linaloruhusiwa 300 lina mkanda wa nailoni uliozungushwa juu ya waya ili mpira usivimbe kwa kasi, na kwa kawaida ubavu wake ni mgumu zaidi ili gari lisilegee kwenye kona hata likiwa kwenye 90. Springi na shokomzoba za gari zilirekebishwa kwa kuutegemea ugumu huo. Ukiushusha, umelishusha gari lote.

Nguvu zinazofanya kazi ndani ya tairi ni kubwa kuliko jicho linavyoweza kukisia. Carrera GT ikifikia kikomo chake cha kilomita 330 kwa saa, tairi la nyuma linazunguka karibu mara 41 kwa sekunde, na kila gramu ya mpira kwenye uso wake inavutwa kwenda nje kana kwamba ina uzito wa kilo 2.4. Bugatti walipoipeleka Chiron kwenye uwanja wa Ehra-Lessien, Ujerumani, Agosti 2019, Andy Wallace akafikisha kilomita 490.484 kwa saa, matairi yake yalikuwa yameongezewa nguvu maalumu, na kila moja lilipigwa picha ya eksirei kabla ya kufungwa. Walikuwa wakitafuta kasoro ambayo mkono wa fundi hauwezi kuihisi.

Ubavuni kuna alama nyingine ndogo ambayo wengi huipita. Kwenye matairi ya Porsche ni N0, N1, N2 na kuendelea. BMW hutumia nyota, Mercedes-Benz MO, Audi AO, Ferrari herufi K, Aston Martin AM. Alama hiyo maana yake ni kwamba kiwanda cha gari kilishirikiana na kiwanda cha tairi kurekebisha mchanganyiko wa mpira, ugumu wa ubavu, wakati mwingine hata umbo la kashata (meno ya tairi yanayokanyaga lami), kwa ajili ya gari fulani. Pilot Sport 4S ya Michelin yenye N0 na Pilot Sport 4S isiyo na alama zinafanana jina na sura, ila ndani si tairi moja. Kwenye Porsche 911, ambayo injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma na uzito mwingi uko huko, tofauti hiyo huonekana wazi: gari linaloguswa breki katikati ya kona linaweza kutulia au likataka kugeuza mkia. Mtu mwenye 911 anayeweza kupata tairi la N alipate. Asipolipata, asichanganye: yote manne yawe ya aina moja na toleo moja. Kufunga N0 mbele na tairi jingine nyuma ni kulipa gari tabia ambayo hakuna mhandisi aliyewahi kuijaribu.

Lakini kabla ya jina, kabla ya alama, kabla ya bei, kuna tarehe.

Novemba 30, 2013, huko Santa Clarita, California, Carrera GT ya mwaka 2005 iliacha barabara, ikagonga nguzo na miti, ikashika moto. Walikufa wote wawili waliokuwemo: Roger Rodas aliyekuwa akiendesha, na abiria wake Paul Walker, mwigizaji wa filamu za Fast & Furious aliyependwa hadi kwenye vibanda vya video vya Mombasa na Kampala. Walker alikuwa na umri wa miaka 40. Wachunguzi wa polisi walitoa matokeo yao Machi 2014. Gari lilikuwa kwenye mwendo wa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa, mahali ambapo kikomo ni 72. Hawakukuta hitilafu ya kimitambo. Walichokuta ni matairi yenye umri wa miaka tisa, na walisema umri huo huenda uliathiri namna gari lilivyoshika barabara.

Mwendo ndio uliotajwa kuwa chanzo, na hapana haja ya kuuficha nyuma ya matairi. Ila miaka tisa kwenye gari lenye farasi 612 na lisilo na mfumo wa kompyuta wa kulizuia lisiteleze ni jambo la kumtia hofu kila mwenye gari la namna hiyo, kwa sababu ndiyo hali ya kawaida ya magari haya. Gari la spoti hukaa. Hutolewa Jumapili, hupelekwa harusini, hurudishwa chini ya turubai. Linaweza kumaliza miaka minane na matairi yaliyojaa kashata, na mwenyewe akayatazama na kuona mali safi.

Mpira huzeeka bila kusafiri. Oksijeni na ozoni ya hewani hushambulia minyororo ya molekuli zake, ukakauka na kuwa mgumu. Watengenezaji huuchanganya na kemikali za kuukinga na nta maalumu, na hizo hupanda taratibu hadi juu ya uso wa tairi, hasa tairi linapoviringika na kujikunja. Tairi lililosimama hukosa kujipaka kinga yake. Joto huharakisha yote haya, ndiyo maana miaka mitano ya Muscat au Tanga si sawa na miaka mitano ya Hamburg. Mpira uliokauka bado unabeba gari, bado unaonekana mweusi, hasa ukipakwa ile dawa ya kung'arisha. Unachokosa ni uwezo wa kujibana kwenye vijitundu vya lami, na mwenye gari huugundua upungufu huo sekunde ile anayouhitaji.

Tarehe husomwa mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa zimebaki tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kubeba mtu. Mara nyingi namba kamili huandikwa ubavu mmoja tu, na ubavu huo ukigeukia ndani inabidi kulala chini na tochi ya simu. Ni vizuri kulala. Makampuni kadhaa ya magari yanashauri tairi libadilishwe likifika miaka sita, hata kama kashata zake zimejaa. Michelin wanasema likaguliwe kila mwaka baada ya mitano na lisivuke kumi kwa hali yoyote. Kwa gari la spoti katika nchi za joto, sita ndiyo mwisho. Na tairi linaloitwa jipya dukani liulizwe tarehe yake pia: lililokaa stoo ya mabati miaka minne limeshakula sehemu ya maisha yake.

Suala hili linawagusa hasa wanaoagiza magari Japani. Impreza WRX, Skyline, RX-7, Fairlady Z: yanashushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na matairi ya mwenye gari wa kwanza, na tarehe zake mara nyingi huwa za kale. Baadhi hutoka mikoa ya theluji ya kaskazini yakiwa yamevaa matairi ya baridi, ambayo mpira wake ni laini sana na kashata zake zina mikato mingi membamba ya kung'ata barafu. Yanaonekana mapya, yana meno marefu. Kwenye lami ya saa saba mchana Chalinze, mpira huo hulegea, kashata huyumba chini ya gari, na umbali wa kusimama hurefuka. Hayo ya kuvua mara moja.

Baada ya tarehe, swali linabaki moja: gari linakwenda wapi? Hapa ndipo sekunde 16 za Nürburgring zinapoweza kumpotosha mtu. Cup 2 na wenzake wa aina hiyo wameundwa kwa njia kavu ya mashindano. Mifereji yao ni michache, upande wa nje wa tairi una mpira karibu mtupu, na mchanganyiko wake hutaka kupata joto kwanza ndipo ushike sawasawa. Mtu anayeendesha dakika kumi na tano kutoka Masaki hadi mjini Dar es Salaam, akisimama kila taa, hatalifikisha tairi hilo kwenye joto lake. Halafu inakuja masika.

Mwaka 1963 Walter Horne na Robert Dreher wa NASA, waliokuwa wakichunguza ndege zinavyoteleza kwenye viwanja vyenye maji, walitoa kanuni inayohusisha upepo wa tairi na mwendo ambao linaanza kuelea. Kwa tairi lililokwisha mifereji, au maji yaliyokizidi kina cha mifereji yake, upepo wa PSI 36 unatoa jibu la takriban kilomita 100 kwa saa. Tairi pana huelea mapema zaidi kuliko jembamba kwa sababu lina maji mengi ya kusukuma. Mtu mwenye matairi ya milimita 305 yaliyobaki na kashata ya milimita mbili, kwenye barabara ya Bagamoyo baada ya mvua ya alasiri, anaendesha mashua isiyo na usukani. Sheria za Ulaya zinaruhusu hadi milimita 1.6. Kwa gari pana na lenye nguvu, milimita tatu ndiyo pa kuanza kutafuta mengine.

Kwa hiyo walio wengi wanahitaji tairi la spoti la barabarani: Pilot Sport 4S, Pirelli P Zero, SportContact ya Continental, Potenza Sport ya Bridgestone na mengine ya daraja hilo. Yana mifereji mipana ya kutoa maji na mpira wenye silika, ambayo hulisaidia tairi kushika lami iliyolowa. Yanapoteza sekunde kadhaa kwenye njia ya mashindano, sekunde ambazo hakuna anayezipima akienda kazini. Anayekwenda kweli kwenye mashindano anunue rimu za pili na matairi yake, ayafunge siku hiyo.

Msomaji aliyeko Toronto au Stockholm ana sharti la ziada. Tairi la spoti la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na makampuni huonya kwamba kwenye baridi kali mpira wa Cup 2 na wenzake unaweza kupasuka ukigongwa au gari likisogezwa tu. Huko gari hubadilishwa viatu msimu ukigeuka, au hufungiwa ndani hadi masika ya kwao.

Magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne yana kisa chao, na hakuna mahali kinapouma kama Nairobi, mji ulioipenda Subaru tangu enzi za Safari Rally. Mwenye WRX STI anapasua tairi moja kwenye shimo, matatu yaliyobaki bado yana nusu ya maisha, anaona busara kununua moja. Tuseme saizi ni 225/45 R17, jipya lina milimita saba za kashata na mengine tatu. Tofauti ya milimita nne kwenye nusu kipenyo hufanya mzunguko upishane kwa sentimita 2.5. Tairi lililochakaa litazunguka mara sita zaidi kila kilomita, na tofauti hiyo yote humezwa na difu, ikigeuka joto na kula vyuma, kutoka Nairobi hadi Nakuru na kurudi. Mwongozo wa Subaru unataka mizunguko isipishane zaidi ya robo ya inchi, sawa na milimita moja tu ya kashata. Bei ya matairi manne inauma. Bei ya difu ya kati ya STI inauma mara kadhaa zaidi.

Kwa gari la kuvuta nyuma lenye saizi tofauti mbele na nyuma, inakubalika kubadilisha mawili ya ekseli moja. Ya nyuma ndiyo huisha upesi. Hata hivyo yakaguliwe kwa mkono upande wa ndani. Magari haya hufungwa magurudumu yakiwa yameinama kidogo kuelekea ndani kwa juu, na ukingo wa ndani wa tairi ndio unaobeba mzigo wakati gari likienda moja kwa moja. Mtu husimama pembeni akaona kashata nzuri za nje, kumbe ukingo wa ndani umeshakuwa kipara na waya wa chuma umeanza kuchungulia. Vidole vikipitishwa huko vitajua, ila vipitishwe taratibu, kwa sababu waya huo hukata. Ikikutwa hivyo, alaimenti ipimwe kabla ya kufunga mapya, la sivyo nayo yataliwa vivyo hivyo.

Kazi ya kufunga nayo si ya kila kibanda. Ubavu wa sentimita nane au kumi haukunjiki kirahisi, na mtarimbo wa kung'olea tairi la lori utakwangua rimu ya aluminiamu na kuharibu ukingo unaozuia upepo. Fundi anayefaa ana mashine isiyogusa rimu kwa chuma na spana ya kipimo ya kukazia nati. Upepo ujazwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba iliyoandikwa kwenye mlango au kitabu cha gari, kwani joto likiongezeka nyuzi 10 upepo hupanda kwa takriban bar 0.1, na kipimo cha saa nane mchana juani hudanganya. Tairi jipya hutoka kiwandani likiwa bado na mabaki ya ulainisho wa kalibu usoni mwake, kwa hiyo kilomita 200 hivi za kwanza ziendeshwe kwa upole, bila breki za ghafla wala kona kali, hasa barabara ikiwa na maji. Zikishaisha, nati zikazwe tena kwa spana ile ile ya kipimo na upepo upimwe upya, matairi yote manne.